Kupiga Picha za Vitu Vidogo: Kiwavi wa Mahindi na Maua ya Kitulo

Katika mazungumzo yetu ya leo tumekusudia kueleza kazi ya kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu sana: kiwavi, punje ya mahindi, yai la mdudu, au ua dogo la majanini. Yamkini mtu atauliza, "Kazi hiyo yatuhusu nini sisi wakulima? Picha ni za arusi na za kitambulisho." Twajibu kwamba yawahusuni sana, na tutawaonyesha sababu.

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la mahindi la Tanzania. Walakini adui wa mahindi si tembo wala nguruwe peke yao. Adui wakubwa ni wadudu, na hakuna hata mmoja wao awezaye kujaza kiganja cha mtoto. Basi fikirini mkulima aliyeona matundu katika majani ya mahindi yake. Bwana shamba yuko mbali, naye ana vijiji vingi vya kuvizungukia. Mkulima atoa simu yake mfukoni, apiga picha akiwa amesimama wima, aipeleka. Bwana shamba aipokea, aitazama, na kitu anachokiona ni shamba zuri la kijani. Mdudu yumo katika picha, lakini ni mdogo kama nukta. Hapo bwana shamba hana budi kukisia, na mkulima atakwenda dukani kununua dawa kwa kukisia. Ikiwa dawa hiyo siyo, fedha zimepotea, siku zimepita, na kiwavi ameendelea kula. Kumbe picha moja iliyopigwa kwa karibu na kwa uangalifu ingeweza kuamua jambo hilo siku ile ile.

Tuanze na maana ya kazi yenyewe. Inueni kidole kimoja mbele ya jicho, kisha mkilete karibu polepole. Mtaona kwamba kikifika mahali fulani hakionekani tena vizuri, kimekuwa na ukungu. Jicho lina mpaka wake wa ukaribu, na lenzi ya kamera nayo ina mpaka wake. Lenzi nyingi za kawaida zimetengenezwa ili zitazame watu, nyumba na milima, nazo hukataa kutazama kitu kilicho karibu mno. Kwa hiyo kazi yote ya picha za karibu ni kutafuta njia ya kuuvuka mpaka huo, na baada ya kuuvuka, kuzishinda shida zinazotungojea ng'ambo ya pili.

Mafundi wa picha wana kipimo chao. Husema kwamba picha ni ya makro kamili pale ambapo umbo la kitu, linapoanguka juu ya filamu au juu ya kibao cha kupokea mwanga kilichomo ndani ya kamera, huwa na ukubwa ule ule wa kitu chenyewe. Kiwavi mwenye urefu wa milimita 30 huandikwa hapo kwa milimita 30. Kipimo hiki huitwa moja kwa moja. Katika kamera yenye kibao cha milimita 36 kwa 24, picha ya moja kwa moja hujazwa na kitu chenye upana wa milimita 36 tu. Picha hiyo ikikuzwa juu ya karatasi au kioo cha simu, kiwavi huonekana mkubwa kama nyoka, na kila unywele wake waweza kuhesabiwa.

Sasa tutaje vyombo, tukianza na vile vya gharama kubwa na kushuka mpaka vile visivyo na gharama. Chombo cha kwanza ni lenzi ya makro, iliyoundwa makusudi kwa kazi hii. Mwaka 1955 kampuni ya Kilfitt ya Ujerumani ilitoa lenzi yake ya Makro-Kilar, iliyowawezesha wapiga picha wa kamera ndogo kukaribia vitu bila ya kuongeza chombo kingine. Tangu siku zile makampuni mengi yametengeneza lenzi za namna hii. Ni nzuri sana, lakini bei yake si ya kila mtu, nasi hatusemi kwamba asiyekuwa nayo aache kazi.

Chombo cha pili ni mirija ya kurefushia. Hii ni mirija mitupu, haina kioo ndani, nayo hutiwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ikisogezwa mbele hivyo, huweza kutazama karibu zaidi. Hesabu yake ni nyepesi, na wanafunzi waweza kuifanya darasani: gawanyeni urefu wa mrija kwa namba ya lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa juu ya mrija wa milimita 25 hutoa umbo la nusu ya kitu, na ikiwekwa juu ya mirija ya milimita 50 hutoa umbo lililo sawa na kitu chenyewe. Wengine huigeuza lenzi nyuma mbele, wakaifunga kwa pete, nayo hufanya kazi ya kukuza vizuri kuliko mtu atakavyodhani.

Chombo cha tatu ni kioo cha nyongeza kinachofungwa mbele ya lenzi, kama vile mzee avaavyo miwani ya kusomea. Vioo hivi huuzwa kwa namba. Chenye namba 2 huifanya lenzi iliyowekwa kutazama mbali ione wazi kitu kilicho umbali wa sentimita 50; chenye namba 4, sentimita 25; chenye namba 10, sentimita 10. Kadiri namba inavyokua ndivyo umbali unavyopungua.

Na hapa ndipo wenye simu za mkononi wapatapo sehemu yao. Kioo cha kukuzia maandishi, kile kinachotumiwa na wazee kusomea au na walimu katika somo la sayansi, kikishikwa mbele kabisa ya lenzi ya simu, hufanya kazi hiyo hiyo. Lenzi ndogo za kubana juu ya simu nazo zauzwa madukani. Tena simu nyingine za siku hizi zina mahali maalumu pa picha za karibu, aghalabu panapoonyeshwa kwa alama ya ua dogo; tazameni kama yenu inayo. Wako wanaoweka tone la maji juu ya lenzi ya simu, na kweli tone hukuza, lakini maji yakipenya ndani simu huharibika. Kwa hiyo twashauri kioo, si maji. Wala msidanganyike kwa kuvuta picha kwa vidole viwili. Kufanya hivyo hakuongezi habari yoyote. Ni kuutanua ukungu ule ule tu.

Tumekwisha kuuvuka mpaka. Sasa tutazame shida tatu zinazomkuta mtu ng'ambo ya pili, nazo ni ukungu, mtikisiko na giza.

Shida ya kwanza ni ukungu. Katika picha ya mlima Rungwe, miti ya karibu na kilele cha mbali huweza kuonekana wazi pamoja. Katika picha ya kiwavi sivyo. Kadiri mtu anavyokaribia ndivyo unene wa sehemu iliyo wazi unavyopungua, hata jicho la mdudu likawa wazi na mguu wake ukawa moshi. Kwa kipimo cha moja kwa moja, katika kamera tuliyoitaja, tundu la lenzi likiwekwa namba 4, sehemu iliyo wazi ina unene wa nusu milimita tu. Likizibwa mpaka namba 16, unene huo wafika milimita 2 hivi. Kwa hiyo wenye kamera hulifanya tundu liwe dogo. Lakini wasipite kiasi, maana mwanga upitao katika tundu jembamba mno hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali wake.

Wenye simu hawana tundu la kuziba, lakini wana dawa nyingine, nayo haitaki fedha. Ulazeni uso wa lenzi sambamba na kitu kile mtakacho kionekane. Mkitaka mgongo wote wa kiwavi, simu iwe sambamba na mgongo. Mkitaka uso wake, simu iwe mbele ya uso. Yaani sehemu iliyo wazi ni kama karatasi nyembamba isiyoonekana, na kazi ya mpiga picha ni kuilaza karatasi hiyo juu ya jambo lenye maana. Tena, fokasi ikisha kukubali, msishindane nayo kwa kuigusagusa; sogezeni mkono wote mbele na nyuma kidogo kidogo, na pale kitu kinapokuwa wazi pigeni. Pigeni picha kumi, mkitumaini kupata mbili zilizo njema. Hata mafundi wakubwa hufanya hivyo.

Shida ya pili ni mtikisiko. Kama kiwavi amekuzwa, basi na kutetemeka kwa mkono kumekuzwa vile vile, na upepo mdogo unaolitikisa jani huwa tufani. Kiweko cha miguu mitatu husaidia, lakini kifuko cha nguo kilichojazwa maharage au mchanga ni rafiki mwema zaidi shambani, maana hulala chini na kuipokea kamera kwa namna yoyote. Asiyekuwa na kifuko aegemeze viwiko vyake magotini, avute pumzi, aitoe nusu, kisha apige. Jani nalo litulizwe: chomekeni kijiti ardhini kando ya mmea, kisha mlishikishe shina kwa kibanio cha nguo. Wakati bora ni alfajiri na asubuhi. Wenyeji wa Makete na Uporoto wajua jinsi baridi ya alfajiri inavyouma. Baridi hiyo huwauma na wadudu pia, wakawa wazito, hawaruki, na upepo nao haujaanza kuvuma.

Shida ya tatu ni giza. Kamera ikisogezwa karibu, kivuli chake chenyewe humfunika mdudu. Tena lenzi iliyokuza kitu mpaka kipimo cha moja kwa moja huhitaji mwanga mara nne kuliko ilipotazama mbali. Mtu atasema, "Basi tupige saa sita jua likiwa kali." Sivyo. Jua la saa sita hutia weupe mkali upande mmoja na weusi mtupu upande wa pili, na alama za mdudu hupotea katikati. Mwanga mwema ni ule wa kivulini penye nafasi, au wa siku ya mawingu mepesi, ambayo katika milima yetu si haba. Jua likiwa kali, mwenzenu ainue kitambaa cheupe kulizuia, na upande wenye kivuli pawekwe ukurasa mweupe wa daftari ili urudishe nuru. Anayetumia taa ya flashi aifunike kwa karatasi nyembamba nyeupe, isije ikamwunguza mdudu kwa weupe.

Hivyo ndivyo ilivyo kazi yenyewe. Sasa turudi shambani tukaone matumizi yake.

Mwaka 2016 ilijulikana kwamba mdudu mgeni kutoka bara la Amerika ameingia Afrika ya Magharibi, na kufika mwaka 2017 alikuwa amekwisha onekana Tanzania. Ndiye kiwavijeshi vamizi. Mama yake ni nondo arukaye usiku, hutaga mayai kwa mafungu juu ya majani, na kuyafunika kwa manyoya membamba kama ukungu wa mkate. Yai moja halifiki hata milimita moja. Viwavi wakianguliwa hukwangua jani mpaka likabaki kama kioo, kisha huingia katikati ya mmea, ndani ya majani machanga, na huko dawa huwafikia kwa shida. Kwa hiyo anayetaka kuwazuia na awatambue wangali wadogo. Na wakiwa wadogo jicho tupu haliwatambui upesi.

Alama zake ni hizi. Usoni pana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, miguu yake ya juu ikielekea chini. Mgongoni, karibu na mkia, pana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Lakini angalieni: viwavi wengine wa jamii hiyo nao huwa na mstari unaofanana nao usoni, basi alama moja haitoshi kuwa ushahidi. Hizo mbili zikipatikana pamoja, neno limekaribia kuthibitika. Kwa hiyo yatakiwa picha nne wala si moja: ya kwanza mmea mzima ulioliwa; ya pili uso wa kiwavi; ya tatu mgongo wake karibu na mkia, ikipigwa kutoka juu; na ya nne mayai au kinyesi chake, ambacho ni kama unga wa mbao uliolowana, kikiwa katikati ya majani. Kando ya kiwavi lazeni rula ya shule, ili atazamaye ajue kama ana milimita 5 au 30.

Jambo la kupeleka picha nalo lina adabu yake. Mtu akituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mtandao huipunguza ili ipite upesi, na yale madoa manne yaliyotafutwa kwa jasho huweza kufutika. Itumeni kama faili, ifike kamili. Pamoja nayo andikeni tarehe, kijiji, umri wa mahindi, na katika mimea kumi iliyotazamwa ni mingapi iliyoliwa. Bwana shamba akipata hayo aweza kujibu, au kuyafikisha kwa wachunguzi wa kilimo wa kituo cha Uyole, Mbeya. Tena mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani, walitoa programu ya simu iitwayo Nuru, iliyofundishwa kutambua alama za ulaji wa kiwavi huyu kwa kutazama majani kupitia kamera. Hata mashine hiyo haiwezi kusoma ukungu. Picha mbaya humpofusha mtu na mashine sawasawa.

Baada ya shamba ni ghala. Mahindi yakiwa yamekwisha vunwa kuna wadudu wawili wanaochanganywa sana, nao ni fukusi na dumuzi. Wote wana urefu wa milimita 3 au 4, wote ni wa rangi ya kahawia au weusi, wote huacha matundu. Lakini dumuzi ni mharibifu kupita kiasi, ndiyo maana katika sehemu nyingine watu walimwita Skania, kwa jina la lori kubwa. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na aliingia Tanzania katika miaka ya 1970 upande wa Tabora. Dawa ya ghala imwuayo fukusi si lazima imtoshe dumuzi, kwa hiyo kuwatofautisha ni jambo la chakula cha mwaka mzima. Mwagieni wadudu wachache juu ya karatasi nyeupe, wekeni kioo cha kukuzia mbele ya simu, mwapige picha kwa ubavu. Fukusi ana pua ndefu iliyochongoka mbele kama mkonga. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni mviringo kama kipande cha fimbo, kichwa kimeinama chini ya kifua hata hakionekani kutoka juu, na nyuma amekatika wima kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Kwa jicho tupu ni punje mbili za vumbi. Kwa kioo ni wanyama wawili wasiofanana hata kidogo.

Wenye kahawa huko Mbozi na Rungwe wasidhani kwamba tumewasahau. Kutu ya majani huonyesha unga wa rangi ya machungwa upande wa chini wa jani, ilhali watu wengi hupiga picha upande wa juu. Geuzeni jani kabla ya kupiga, wala msilipanguse.

Sasa tutoke shambani, tupande juu Kitulo. Uwanda huo uko kimo cha mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, kwa sababu ya maua hasa wala si kwa sababu ya wanyama wakubwa. Zimehesabiwa huko aina 350 hivi za mimea, na katika hizo aina 45 ni okidi ziotazo ardhini. Wakati wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, majani yote hupambwa kwa rangi.

Okidi nyingi za namna hii zina viazi vidogo chini ya ardhi. Katika nchi ya Zambia viazi hivyo hutwangwa, hupikwa pamoja na karanga, vikawa chakula kiitwacho chikanda. Chakula hicho ni cha zamani na hakina aibu. Lakini miji ilipokua na hamu yake ilikua, okidi za kwao zikapungua, na wafanyabiashara wakavuka mpaka kuja kuzitafuta katika milima yetu. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba viazi vilivyotoka Nyanda za Juu Kusini vilikuwa vya kuhesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Anayeng'oa kiazi huua mmea. Na okidi hairudi upesi kama magugu, kwa maana mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, nayo yahitaji kuvu wa namna fulani ardhini ndipo iweze kuota. Watu wa Makete walioziuza walikuwa wakitafuta ada za shule na chumvi ya nyumbani, nasi hatukusimama hapa kuwahukumu. Twasema tu kwamba kisichojulikana hakiwezi kuhesabiwa, na kisichohesabiwa hupotea bila ya mtu kukikosa.

Zamani, mtu aliyetaka kujulisha wataalamu habari ya ua geni alilichuma, akalikausha kati ya karatasi, akalipeleka mbali. Leo picha nzuri ya karibu yaweza kutenda sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ua likabaki mahali pake likazaa mbegu. Kwa okidi, pigeni kwanza mmea wote pamoja na mahali ulipoota; pili ua moja kutoka mbele, ili mdomo wake uonekane, kwa maana mdomo wa okidi ndio uso wake; tatu ua lile kutoka ubavuni, ili ule mkia mtupu uliobeba asali uonekane urefu wake; nne majani na namna yanavyoshika shina. Nyasi zilizo mbele zisikatwe, zilazwe kwa kijiti zipate kuinuka tena. Angalieni mnapopiga magoti, kwa kuwa huenda mkalisifu ua moja huku mmekalia matano. Na ndani ya hifadhi msitoke njiani pasipo ruhusa ya mwongozaji.

Je, picha yaweza kweli kuwa shahidi mbele ya wataalamu wa dunia? Habari ya kipunji yatujibu. Huyu ni nyani mdogo wa mitini, mwenye mkia mrefu, na jina lake ni la Kinyakyusa. Wachunguzi walimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone mwaka 2003, na mwaka uliofuata wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2005 walimtangaza kuwa aina mpya, na ushahidi wao ulikuwa picha, bila ya kumwua hata mmoja. Wako waliobisha, wakisema kwamba picha haitoshi. Kisha kipunji mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, karibu na mlima Rungwe. Mwili wake ulipochunguzwa ilionekana kwamba aina ni mpya kweli, walakini ukoo waliomweka mara ya kwanza haukuwa wake. Mwaka 2006 akapewa ukoo wa peke yake, jina lake Rungwecebus, yaani tumbili wa Rungwe. Hapo twajifunza mambo mawili kwa pamoja: picha yaweza kufungua mlango uliofungwa tangu zamani, na picha haimalizi kila neno. Kwa hiyo bwana shamba akisema, "Nimeiona picha, lakini niletee na jani," msinung'unike.

Na asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya wasomi wenye vyeti. Katika jimbo la Vermont, Marekani, alikuwako mkulima mmoja jina lake Wilson Bentley, aliyeishi na ng'ombe wake kijijini Jericho. Aliiunganisha kamera na chombo cha kukuzia, na tarehe 15 Januari 1885 akafanikiwa kupiga picha ya punje moja ya theluji. Akaendelea kila kipupwe mpaka alipokufa mwaka 1931, akakusanya picha zaidi ya 5,000. Alifanya kazi katika banda lenye baridi, akizuia pumzi yake, kwa maana pumzi moja ingeyeyusha kila kitu. Watu wengi waliojifunza umbo la theluji walijifunza kwa macho ya mkulima huyo.

Basi twawaombeni walimu wa shule zetu waanzishe daftari la wadudu na maua ya kijiji. Kioo kimoja cha kukuzia, simu moja ya mwalimu, rula moja na karatasi nyeupe vyatosha kwa darasa zima. Kila picha iandikwe siku yake, mahali pake, na jina la mdudu kwa lugha ya kwenu, iwe Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kikinga, Kibena au Kihehe, maana wazee waliwajua wadudu wengi kabla ya kamera, na majina yao yana habari ndani yake. Baada ya misimu mitatu minne daftari hilo litawaonyesha ni mwezi gani kiwavi huanza, na ni bonde gani analolitangulia. Mkulima atakayelitazama kabla ya kwenda dukani atajua ni adui gani anayemnunulia dawa.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Mvua za kwanza zikinyesha na mahindi yakifika magotini, kwendeni shambani alfajiri, mpige magoti, mtazame katikati ya majani. Twawatakia mavuno mema. Kwaherini.